Bia Isiyovumilia Safari

Mazungumzo yetu ya leo ni ya pombe. Najua nyumba nyingi zinazonisikiliza hapa Kindu, mkoani Maniema, ni za Waislamu, na nyingine ni za Wakimbangu, ambako pombe haivuki kizingiti. Nawaomba mnivumilie, kwa kuwa katika ulevi simo. Nitazungumzia kazi ya mikono: chachu, mahindi, mchele, mapera. Na nitawazungumzia akina mama ambao moto wao unawaka nyuma ya nyumba zetu tangu alfajiri, wala hatuwaulizi wanajua nini.

Lakini nitaanzia mbali kidogo. Huko Marekani, katika jimbo dogo la Vermont, kuna bia inayoitwa Heady Topper. Mpishi wake, John Kimmich, aliipika kwa mara ya kwanza mwaka 2004 katika baa yake, The Alchemist, kwenye mji wa Waterbury. Ukiimimina katika bilauri huoni kilicho upande wa pili. Ina ukungu mzito, rangi yake kama maji ya chungwa. Inanukia embe, chungwa na marakuja, na humo ndani hamna tunda hata moja. Harufu yote inatoka kwenye hopsi, maua ya mmea unaotambaa ambao karibu kila kiwanda cha bia duniani huutumia kutia uchungu. Nguvu yake ni 8 kwa mia. Tarehe 28 Agosti 2011 dhoruba ya Irene ilileta mafuriko, na ile baa ikaharibika kabisa. Siku chache baadaye kiwanda kidogo ambacho Kimmich na mkewe, Jen, walikuwa wamekiandaa mahali pengine mjini humo kikaanza kujaza makopo. Sifa zikaenea. Watu wakawa wanaendesha gari kutoka majimbo mengine kuifuata bia hiyo, maana nje ya Vermont ilikuwa haipatikani. Viwanda vingine vikaiga, na mwaka 2018 chama cha wapishi wa bia wa Marekani kikaingiza bia za ukungu katika orodha yake ya aina za bia.

Hapo zamani bia yenye ukungu ilihesabiwa kuwa imeharibika. Mpishi aliyeuza bia isiyopitisha mwanga alionekana hajui kazi. Leo watu wanapanga foleni kwa ajili ya ukungu ule ule.

Wako watu, Marekani na kwingineko, wanaopika bia nyumbani kwao, jikoni au kwenye banda la gari, lita 20 kwa mpigo. Baadhi yao shabaha yao ni moja: kuipata nyumbani bia ile ile wanayoipenda ya kiwandani, isitofautike hata kwa pua. Heady Topper iliwatesa. Kimea walikijua, hopsi waliweza kuzikisia kwa harufu, lakini ladha haikuja. Siri ilikuwa kwenye chachu. Kimmich alikuwa na chachu yake, watu wameipa jina la Conan, ambayo asili yake ni kwa marehemu Greg Noonan, aliyefungua baa ya kwanza ya kupika bia yake yenyewe mjini Burlington mwaka 1988. Chachu hiyo haikuuzwa dukani. Lakini bia ya Kimmich haichujwi wala haichemshwi baada ya kuiva, kwa hiyo chini ya kila kopo ilibaki chachu hai.

Wapishi wa nyumbani wakaanza kuivuna. Namna yenyewe ni hii, na ninaomba akina mama wanaochachusha wasikilize vizuri, maana ni kazi wanayoijua kwa sura nyingine. Unakunywa bia, unabakiza masimbi ya chini, kiasi cha vidole viwili. Unapitisha mdomo wa chombo kwenye moto ili usiwe na vijidudu. Pembeni una maji ya kimea yaliyochemshwa yakapoa, mepesi, yenye utamu kidogo tu, kwa sababu chachu iliyochoka ukiitupa kwenye utamu mwingi inazidiwa. Unamimina masimbi humo, unafunika bila kukaza, unatikisa kila unapopita. Siku ya pili au ya tatu unaona povu jembamba juu na tope jeupe chini. Unaongeza maji matamu mengine, mara mbili au tatu ya yale ya mwanzo. Ukimaliza hatua kadhaa za namna hiyo, una chachu ya kutosha pipa zima. Baadaye maabara za Marekani nazo zikaanza kuuza chachu za ukoo huo, lakini waliotangulia ni watu wa jikoni.

Sasa, bia hizi za ukungu ziko katika ukoo wa IPA, bia chungu ya Kiingereza iliyokuwa ikipelekwa India kwa meli. Kufikia miaka ya 1760 wapishi wa Uingereza walikuwa wakishauriwa kuzidisha hopsi katika bia inayokwenda nchi za joto, kwa kuwa uchungu wa hopsi huzuia bakteria wanaogeuza bia kuwa siki. Bia ilikaa baharini miezi, ikafika ikiwa inanyweka. Mjukuu wake wa Vermont amegeuka kabisa. Harufu yake ya matunda inakaa juu juu, na hewa ikiingia kidogo tu inakufa. Wiki chache katika joto, bia ya rangi ya chungwa inageuka kahawia, ladha inakuwa ya karatasi iliyolowa. Ndiyo maana Kimmich aliiuza karibu na nyumbani, ikiwa baridi, na akasisitiza inywewe mapema. Ukoo uliosifika kwa kuvumilia bahari umezaa bia isiyovumilia safari.

Ndipo ninapofika Kindu.

Sisi ni mji wa vitu vilivyosafiri. Reli iliunganisha Kindu na Kongolo mwaka 1911, na tangu wakati huo tunaishi kwa kungojea: tunangojea treni ya shirika la reli, SNCC, kutoka upande wa Katanga, tunangojea boti kutoka Ubundu, tunangojea ndege, tunangojea mvua ikatike ili barabara ikauke. Kazie ya bia inayofika kwenye depo zetu imepakiwa, imepakuliwa, imekaa juani bandarini, imetikisika wiki nyingi. Primus ni bia ngumu, imeundwa kwa ajili ya maisha hayo. Kampuni yake, ambayo sasa ni Bralima, ilianzishwa Léopoldville mwaka 1923, nayo bia ikaanza kuuzwa mwishoni mwa 1926, na tangu hapo imevuka kila mto wa nchi hii. Siidharau hata kidogo. Ila mlango wake ni mwembamba. Mwezi Juni 2025 kampuni ya Heineken, iliyokuwa ikimiliki Bralima, ilitangaza kwamba haina tena mamlaka juu ya mitambo yake ya Bukavu. Vita vikikata barabara, mtu wa nganda, yaani mwenye baa, huku anabaki na chupa tupu na deni.

Mtu akiniuliza kama anaweza kunywa Heady Topper hapa Kindu, nitamjibu kwamba hawezi. Hata angekuwa na fedha ya kuileta kwa ndege, atakachofungua ni bia iliyokwisha kufa. Njia ni moja, nayo ni kuipika papa hapa. Na sioni mji unaostahili kulielewa jambo hilo kuliko mji wetu, kwa sababu pombe zetu nzuri zaidi nazo hazisafiri.

Malofu, pombe ya mchikichi, mnayajua. Asubuhi ni matamu, mchana yana nguvu, kesho ni siki. Kasiksi ya ndugu zetu wa Kivu ni vivyo hivyo. Ndizi zinaivishwa shimoni chini ya majani, zinakamuliwa kwa nyasi hadi maji yatoke, unatiwa unga wa mtama uliokaangwa, na baada ya siku moja mbili tatu pombe iko tayari. Baada ya hapo saa zinahesabika. Nayo ina ukungu, inanukia tunda, na hakuna aliyewahi kuidai iwe angavu kama maji.

Mama wa Kindu anayeishi kwa kupika pombe anaujua ugumu huo kuliko profesa yeyote. Pombe yake ya mahindi isiponunuliwa leo, kesho kutwa ni hasara. Kwa hiyo anafanya jambo la akili: anaipeleka motoni, mvuke unapita kwenye bomba lililozamishwa katika maji baridi, linatoka tone moja moja la lotoko. Lotoko haiozi. Lotoko inaingia ndani ya bido, inapanda baiskeli, inafika machimboni, na fedha inarudi. Karo ngapi za shule hapa mjini zimelipwa na bomba lile! Na madhara yake tunayajua sote, kwa sababu tumewazika watu wake. Serikali za mbali zilijaribu marufuku tangu zamani. Mkutano wa Brussels wa 1890 uliweka vizuizi juu ya vileo vikali katika Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini, na Kindu iko katikati ya ukanda huo. Zaidi ya miaka 130 imepita na bomba bado linatona.

Maoni yangu ni haya. Lotoko inapikwa kwa sababu pombe nyepesi haikai, na pombe nyepesi haikai kwa sababu hatujaipa ujuzi inaostahili. Kuiga bia ngumu kuiga, kama hiyo ya Vermont, ni shule. Mwenye kuiga analazimika kupima, kuandika, kusafisha, kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja na kuonja kwa makini. Ujuzi huo ukiingia katika kasiksi na katika pombe ya mahindi, mama atakuwa na kinywaji cha asilimia 5 au 6 kinachokaa wiki kadhaa ndani ya chupa, na hatakuwa na haja ya kukichemsha kiwe moto wa kuunguza maini.

Basi tuipike. Tuna nini, tumekosa nini?

Hopsi tumekosa, na hatutazilima. Mmea huo unahitaji siku ndefu za kiangazi, zaidi ya saa 12 za mwanga kwa kiasi kikubwa, ndipo ukue na kuchanua ipasavyo. Kindu iko kama nyuzi 3 tu kusini ya Ikweta, na jua letu halina habari ya majira: saa 12 za mwanga mwaka mzima. Hata Afrika Kusini, iliyo mbali sana kusini kwetu, ilibidi wataalamu wazalishe aina zao wenyewe karibu na mji wa George ili zikubali siku fupi za kule. Hopsi zilizokaushwa zinaweza kuja kwa ndege katika pakiti isiyoingiza hewa. Lita 20 za bia ya ukungu huhitaji kama gramu 200 au 250, nyingi zikitiwa wakati moto umekwisha kuzimwa na nyingine wakati pombe inachachuka, ili harufu isipotee na mvuke. Hiyo ni bei ya mtu mwenye mshahara. Kwa uchungu wa kuzuia siki, watafiti wa Nijeria wameyajaribu majani ya Vernonia amygdalina, ule mti wa majani machungu ambao Wakivu huuita mubirizi na kuutumia kama dawa. Nijeria ililazimika kufikiri: mwaka 1988 serikali yake ilipiga marufuku kuingiza kimea cha shayiri, na viwanda vikubwa vikahamia kwenye mtama na mahindi. Bia haikukoma.

Na harufu ya matunda? Hapa nataka tutulie kidogo. Wataalamu wa kemia walipochunguza hopsi kama Citra na Cascade, walikuta viini vya salfa vinavyoitwa tioli, vichache mno, lakini pua ya binadamu inavinusa hata vikiwa chembe. Kimojawapo ndicho kinachoipa marakuja harufu yake, na kimo pia ndani ya pera. Kitu kile kile. Wamarekani wanachuma maua ya bei kubwa, wanayakausha, wanayafunga, ili bia yao inukie tunda ambalo kwetu watoto wanalikanyaga njiani kwenda shule. Sisi tunalo lenyewe. Ila kuna ujanja: ukitia tunda mwanzoni, chachu inakula sukari yake na gesi inayofoka inabeba harufu yote juu. Lisubirishe. Povu likitulia, siku ya tatu au ya nne, ndipo utie maji ya marakuja au mapera yaliyopondwa, yakiwa yamepashwa moto hadi digrii 70 hivi kwa dakika chache kisha yakapozwa. Chachu itakula kilichobaki polepole, na harufu itabaki.

Kimea tunacho, na wanaokijua ni wale akina mama wa lotoko. Mahindi yanalowekwa, yanatandazwa chini ya majani, yanaota siku nne au tano, yanaanikwa, yanasagwa. Ndani ya mbegu inayoota mnazaliwa vimeng'enya, na kazi yao ni kuukata wanga uwe sukari. Vimeng'enya hivyo vinapenda joto la digrii 60 na kitu. Ukivitia kwenye maji yanayochemka vinakufa papo hapo. Kumbe wanga wa mahindi na wa mchele haufunguki mpaka joto lipande juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo pika kwanza uji wa mchele hadi uive kabisa, uache upoe mpaka kidole kinaweza kuvumilia kugusa na kuondoka haraka, ndipo ukoroge unga wa kimea. Funika kwa blanketi saa moja na nusu. Uji mzito utageuka maji matamu mbele ya macho yako. Mchele wa Maniema, ulioletwa na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili katika karne ya 19 na ukaota hapa kama uko kwao, unafaa sana, na msiuonee aibu: hata Primus ina mchele ndani yake. Ukungu utakaopata utakuwa wa wanga na chachu. Ule wa Vermont unatokana na protini za ngano na shayiri zilizoshikamana na dutu za hopsi. Jicho halitaona tofauti, ulimi utaona kidogo.

Chachu ndiyo habari ninayoipenda kuliko zote. Chachu za Kiingereza zinataka digrii 18 au 20. Kindu wastani wetu ni kama 25, na mchana hupita 30. Chachu ya namna hiyo ikikutana na joto letu inatoa pombe ya kuumiza kichwa, na frigo ya kuiwekea pipa zima ni wachache walio nayo, umeme wenyewe mara nyingi ukiwa wa jenereta na sola. Lakini huko magharibi ya Norwei kuna wakulima waliohifadhi chachu ya mababu zao, waiitayo kveik, vizazi kwa vizazi. Mashamba mengi yaliipoteza katika karne iliyopita watu walipoanza kununua hamira ya dukani. Wachache wakashika ya wazee, mmoja wao Sigmund Gjernes wa Voss. Waliikausha kwenye pete za mbao au kwenye kitambaa, wakaitundika, na jirani aliyepoteza yake alikuja kuomba. Mwandishi Lars Marius Garshol alizunguka akaandika habari zao, na mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, wakaonyesha kwamba chachu hizo ni ukoo wa pekee. Zinachachusha kwa digrii 35, hata 40, bila kuharibu ladha, zinamaliza kwa siku chache, na ile ya Voss inatoa harufu ya chungwa. Leo inauzwa ikiwa imekaushwa katika pakiti ndogo inayoweza kuja Kindu mfukoni mwa abiria. Nchi ya theluji imetutunzia chachu ya joto letu! Na ukiipata mara moja huna haja ya kununua tena. Chota povu zito, litandaze juu ya kitambaa kilichochemshwa, likauke kivulini, lifunge, na jirani akiomba mpe.

Usafi siwezi kuupita haraka. Mwezi Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji ya mahindi kwenye msiba. Aliyeipika naye alikufa. Uvumi ulisema ni nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulikuta kitu kingine: unga wa mahindi ulikuwa umeharibiwa na mafuriko, bakteria aitwaye Burkholderia gladioli akaota ndani yake, akatengeneza sumu inayoitwa asidi ya bongkreki. Sumu hiyo kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo mama, mahindi yaliyolowa maji ya mto, yaliyobadilika rangi, yenye harufu ya ukungu wa ghalani, usiyaoteshe, usiyasage, usiyape hata kuku. Hasara ya gunia inauma, lakini gunia hununuliwa tena.

Maji ya bomba ya Regideso yana klorini, na klorini ikikutana na kimea hutoa harufu ya dawa ya hospitali. Yachemshe au yaache wazi usiku kucha. Chombo kisiwe kilichobeba mafuta ya gari au dawa ya shamba, hata kikioshwa mara saba.

Ununue pia hidrometa, kijiti cha kioo kinachoelea, ndicho chombo pekee cha kigeni ninachokihimiza. Kabla ya kutia chachu, kitumbukize katika maji yako matamu, usome, uandike. Tuseme 1.065. Pombe ikitulia soma tena. Tuseme 1.015. Tofauti ni 0.050, zidisha kwa 131, unapata kama 6 na nusu kwa mia. Sasa unajua unachouza, na mnywaji anajua anachokunywa. Kijiti hicho kinakulinda na jambo la pili: kikisoma namba ile ile siku mbili mfululizo, uchachukaji umekwisha, na unaweza kujaza chupa bila hofu ya kupasuka. Chupa ya Primus ni sentilita 72. Tia sukari kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, jaza polepole chupa ikiwa imeinamishwa ili hewa isichanganyike, acha nafasi ndogo shingoni, funga kifuniko kipya. Chachu iliyobaki itaila sukari hiyo, itatoa gesi, na itaimaliza hewa iliyoingia. Kiwanda kina mashine za kufukuza hewa; sisi tuna chachu hai ndani ya chupa. Weka mahali penye giza, siyo juu ya bati.

Daftari liwe karibu. Uzito wa kimea, uzito wa mchele, joto la uji, siku ulizotia tunda, namba za kijiti. Mama asiyeandika ana mtoto anayeandika, na hesabu hii ni nzuri kuliko nyingine nyingi za darasani. Pombe ikitoka tamu kupita kiasi, mara ijayo badilisha joto la uji peke yake. Ikikosa harufu, badilisha siku ya kutia tunda peke yake. Mtu anayebadilisha mambo matatu kwa mpigo hatajua lipi lilimsaidia.

Na shabaha ya kuiga iwe ipi? Kwa kijana aliyeonja kopo la Vermont kwa mjomba wake huko ughaibuni, aige hilo, ni kazi njema. Kwa mama wa Mikelenge hapa mjini, ningependa aige pipa lake mwenyewe, lile ambalo wateja walilisifu mwezi uliopita na hakulipata tena. Kulirudia hilo, chupa kwa chupa, wiki kwa wiki, ndiyo kazi ngumu inayotofautisha kiwanda na bahati.

Namna ya kujua kama umefaulu ni hii, na wapishi wa nyumbani wa Ulaya na Marekani wanaitumia kila siku. Chukua vikombe vitatu vinavyofanana. Viwili vitie pombe ya zamani, kimoja mpya. Au viwili mpya, kimoja ya zamani. Mwonjaji asione ukimimina. Muulize jambo moja tu: kipi ni tofauti? Usimuulize kipi ni kitamu, maana atakujibu ili akufurahishe. Rudia kwa majirani kadhaa, ukibadilisha mpangilio wa vikombe. Katika kubahatisha, mmoja kati ya watatu atapatia. Wakipatia wengi kuliko hapo, pombe zako mbili bado hazijafanana, rudi kwenye daftari. Wasipopatia zaidi ya hapo, chukua kalamu ya wino na upige mstari chini ya vipimo vya siku ile.